Pesa Imeingia, Mzigo Usitoke Bado: Jinsi ya Kujikinga na Wanunuzi Wanaorudisha Malipo

Nianze na nilivyoliwa mimi mwenyewe.

Nauza viatu vya mtumba. Nanunua soko la Kongowea, Mombasa, alfajiri, nasafisha, napiga picha, naweka kwenye status na kwenye ukurasa wangu. Ijumaa moja jioni mteja akachagua jozi tatu za raba, jumla shilingi 9,600. Hakuomba kupunguziwa hata shilingi kumi. Hapo tu ningeshtuka, maana mimi mwenyewe kitunguu cha shilingi kumi nakibishania. Meseji ikaingia, nikaangalia salio, nikaona pesa imo. Nikamwita boda, akapeleka mzigo Bamburi, akamkabidhi kijana aliyekuwa amesimama kando ya barabara. Boda hajafika nyumbani, meseji ya pili ikaingia: muamala umerudishwa. Salio langu likapungua shilingi 9,600 vilevile zilivyokuja. Nikampigia mteja, simu imezimwa. Nauli ya boda pia ikawa juu yangu.

Meseji sikuikosea, ilikuwa ya kweli. Hata salio nililiangalia. Nilichokosea ni kudhani kwamba pesa ikishaingia, biashara imeisha. Siku ile nikajifunza kuna saa kadhaa ambazo pesa iko kwako lakini bado haijawa yako, na matapeli wanaziishi saa hizo.

Jua kwanza mchezo unavyochezwa

Huduma ya kurudisha pesa ipo kwa sababu njema. Watu hukosea tarakimu moja wakatuma karo ya mtoto kwa mtu wasiyemjua. Kwenye M-Pesa ya Kenya, aliyekosea huituma ile meseji ya uthibitisho kwenda 456, kisha ombi lake linashughulikiwa. Likifika mapema na pesa ingali kwenye akaunti ya mpokeaji, pesa hiyo inaweza kuzuiliwa. Anayelipokea ombi anaona tarakimu tu: fulani ametuma, sasa anasema amekosea. Haoni raba zako zikiwa nyuma ya pikipiki. Pengo lenyewe ni hilo, na ndilo soko la tapeli. Watu wa biashara wana neno lao kwa anayerudisha muamala: "amerivasi". Ukisikia mtu amerivasiwa, ujue mzigo ulishatoka.

Hii ni namna ya kwanza, nyepesi kabisa. Analipa, anachukua, anarudisha.

Ya pili ni meseji bandia, ambapo pesa haijaingia kabisa. Unatumiwa maandishi yanayofanana na ya M-Pesa. Mara nyingi kiasi huwa kimezidi, halafu simu inapigwa haraka haraka: "Samahani dada, nimekosea nimetuma 12,600 badala ya 2,600, nirudishie elfu kumi, mtoto yuko hospitali." Ukirudisha, umetoa pesa yako mwenyewe mfukoni.

Ya tatu ndiyo inayowaumiza wengi, na wachache wanaielewa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Tapeli anakuja kwako kununua simu ya 15,000. Wakati huohuo, mahali pengine mtandaoni, ameweka tangazo la friji asiyokuwa nayo, bei 15,000. Mama mmoja wa Kisumu anaitaka friji. Tapeli anamwambia, "Lipa kwa nambari hii," na nambari anayompa ni yako. Mama analipa. Wewe unaona 15,000 imeingia, salio sahihi, meseji sahihi, kila kitu halali. Unampa tapeli simu. Mama anangoja friji mpaka anachoka, anagundua ameibiwa, anapeleka malalamiko, na jina lililo kwenye malalamiko ni lako. Kwake, mwizi ni wewe. Pesa ikizuiliwa au ikirudishwa, wewe umepoteza simu, mama amesumbuka, na tapeli tayari ameiuza simu yako mtaa wa pili.

Nilielewa mchezo huu siku nilipopigiwa na mwanamke akilia, akiniuliza friji yake iko wapi. Mimi nauza viatu. Tulipotulia na kulinganisha meseji tukaona tumefanywa pande mbili za pembe tatu. Tangu siku hiyo sijamwita "mkora" mtu yeyote anayedai pesa yake kabla sijamsikiliza. Anayerudisha pesa wakati mwingine ameibiwa kama wewe.

Dalili ya mchezo huu ni moja, na inaonekana mapema: jina la mlipaji si jina la mnunuzi.

Hatua ya 1: Tenganisha nambari ya biashara na nambari yako

Usipokee malipo ya biashara kwenye laini unayotumiwa mchango wa harusi. Kenya, mfanyabiashara mdogo anaweza kufungua Pochi la Biashara, akaunti ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya biashara, kwa *334# bila hati za kampuni. Pesa ikiingia Pochi, mteja hawezi kuirudisha peke yake bila muuzaji kuridhia. Kwa anayeuza mtandaoni hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kuifungua leo. Biashara ikikua, chukua nambari ya tili, yaani nambari ya duka ya kulipiwa, ya Lipa na M-Pesa.

Faida nyingine huiona siku ya shida. Rekodi za biashara zinakaa mahali pamoja, na ukiambiwa uthibitishe kwamba 4,300 ya Jumanne ilikuwa ya viatu, huanzi kuitafuta katikati ya pesa ya kodi ya nyumba na ya mama mboga.

Kwa wauzaji wa Tanzania wazo ni lilelile: pokea kwa Lipa Namba ya mtandao wako au ya benki, si kwa namba yako binafsi.

Utakutana na mnunuzi anayekwambia, "Hiyo Pochi inanikatalia, nipe tu nambari yako ya kawaida." Labda anasema kweli, mitandao huleta shida. Mjibu, "Hakuna haraka, jaribu tena baada ya dakika kumi." Mnunuzi wa kweli atajaribu tena. Tapeli ataanza kukutukana au atapotea, na vyote viwili ni majibu.

Hatua ya 2: Kabla ya pesa, chukua maneno

Oda isiishie kwenye simu ya mdomo. Hata kama mmeongea nusu saa, mwandikie mteja ujumbe mfupi akuthibitishie kwa maandishi. Uwe na mambo manne: kitu gani, bei gani, nani atalipa na kwa nambari gani, nani atapokea na wapi.

Swali la tatu ndilo la maana. Uliza hivi bila haya: "Malipo yatatoka kwa jina gani?" Akisema, "Atalipa mke wangu," sawa, waume wengi hulipiwa na wake zao. Omba jina la mke na nambari atakayolipia, kisha mwambie mke huyo akutumie ujumbe mfupi kutoka nambari hiyohiyo: "Nalipia viatu vya fulani." Sentensi hiyo moja inaivunja pembe tatu. Mama wa friji akiambiwa aandike "nalipia simu" atauliza, "Simu gani tena? Mimi nanunua friji." Tapeli analijua hilo, ndiyo maana hatakubali kukuunganisha na mlipaji.

Wengine huona haya kuuliza hivyo, wanahofia mteja atajisikia kushukiwa. Mimi huwaambia wateja ni utaratibu wa duka, kwa kila mtu, na shangazi yangu nilimuuliza vilevile.

Hatua ya 3: Pesa ikiingia, usisome meseji, soma salio

Meseji inaweza kughushiwa. Jina la mtumaji juu ya meseji pia linaweza kughushiwa. Salio halighushiki. Fungua programu ya M-Pesa au piga *334#, angalia salio na orodha ya miamala. Fanya hivyo kwa simu yako na kwa mkono wako. Picha ya skrini aliyokutumia mteja usiihesabu kabisa, maana picha huhaririwa kwa dakika mbili na mtoto wa darasa la saba.

Meseji yenyewe inaweza kukusaidia kumnasa tapeli mvivu, na wengi ni wavivu. Iangalie hivi.

Je, imeingia kwenye mfululizo uleule wa meseji zako za zamani za M-Pesa, au imefungua mfululizo mpya wenye nambari ya kawaida? Je, salio linalotajwa mwishoni ni salio lako la awali ukijumlisha malipo? Anayeghushi hajui ulikuwa na shilingi ngapi, kwa hiyo huandika tarakimu ya kubahatisha au hulificha.

Halafu tazama nambari ya muamala. Ya M-Pesa ya Kenya ina herufi na tarakimu, jumla kumi, na mwanzo wake hufuata kalenda. Herufi ya kwanza ni mwaka: N ilikuwa 2019, S ilikuwa 2024, T ikafuata 2025. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari na L Desemba. Ya tatu ni tarehe: 1 hadi 9 kwa siku tisa za mwanzo, kisha A ni tarehe 10, B ni 11, mpaka V ambayo ni 31. Muamala wa 17 Julai 2024 ulianza na SGH. Ukiletewa leo meseji yenye nambari ya mwezi uliopita, umeletewa kiporo. Tahadhari tu: tapeli aliyesoma haya anaweza kuziiga herufi hizo tatu. Nambari mbaya inamtia hatiani, lakini nambari nzuri haimsafishi. Unarudi kwenye salio.

Ukishaliona salio, linganisha jina. Ulikubaliana na nani kulipa? Jina likiwa tofauti na lile la Hatua ya 2, simama hapo. Usitoe mzigo, usirudishe pesa. Piga ile nambari iliyolipa, si nambari ya mteja, umuulize mwenye nayo kwa upole amelipia nini.

Hatua ya 4: Mzigo utoke kwa ushahidi

Namna salama kuliko zote ni ya kizamani: mteja aje achukue mwenyewe na alipe palepale, kwa Pochi au tili. Nyingi za biashara zetu haziruhusu hilo, kwa hiyo tunabaki na boda na basi.

Kwa boda, tumia wako unayemjua, usikubali "nitamtuma boda wangu". Boda wa mnunuzi akishachukua mzigo, huna wa kumpigia. Boda wako mfundishe mambo matatu na umwongeze hela ya kungoja, maana dakika zake ni unga wa watoto wake.

La kwanza, mzigo haushuki mpaka mimi nimpigie kwa sauti. Sitaandika, nitapiga. La pili, asitazame simu ya mteja. Mteja atamwonyesha, "Ona, nimeshatuma," na boda atasoma maneno ya kweli au ya uongo asijue tofauti. La tatu, asikubali kupewa simu ya mteja "aongee na muuzaji". Kuna matapeli wana mwenzao upande wa pili anayejifanya wewe, anasema, "Eeh, pesa nimeiona, mpe tu." Boda apige mwenyewe, kwa nambari yangu aliyoihifadhi.

Anapokabidhi, apige picha ya mzigo ukiwa mkononi mwa mpokeaji na aandike jina na saa. Kwa vitu vya bei kubwa aombe kuona kitambulisho. Anayekataa kitambulisho kwa simu ya elfu ishirini, mzigo urudi. Nauli ya kurudi ni nafuu kuliko simu.

Kwa basi, mizigo ya parseli ina risiti yenye jina na nambari ya mpokeaji. Andika jina la yule aliyelipa. Akiwa mwingine ndiye mpokeaji, awe yule aliyetajwa kwa maandishi kwenye oda. Picha ya risiti ihifadhi, usiitupe mzigo ukifika. Mimi huhifadhi miezi sita, zinakaa kwenye folda moja ya simu pamoja na picha za kabidhi.

Kuhusu kungoja: watu huniuliza wangoje saa ngapi baada ya pesa kuingia. Kama ulipokea kwa nambari yako binafsi, hakuna dakika ninazoweza kukuapia kwamba zimetosha. Ndiyo sababu nimeanza na Hatua ya 1. Lakini mteja mgeni, mzigo mkubwa, Ijumaa jioni, ana haraka isiyoelezeka? Mzigo huo hutoka kesho asubuhi. Haraka ni mali ya tapeli. Akikunyima muda, amekunyima kufikiri.

Wako wanaohamisha pesa mara inapoingia, benki au kwa mke, ili ombi la kurudisha likute akaunti tupu. Nimewahi kufanya. Siipendekezi kama kinga yako ya msingi. Malalamiko yakiwa ya kweli, kama ya yule mama wa friji, kuhamisha kunakufanya uonekane mshirika, na deni halifutwi na salio tupu. Pesa ya biashara ihamie benki jioni kwa ratiba yako ya kawaida.

Hatua ya 5: Ukiombwa kurudisha pesa, usirudishe kwa mkono

Hapa kuna kanuni moja na haina ubaguzi: pesa irudi kwa njia iliyojia.

Mtu anakupigia, "Nimekosea nambari, naomba unirudishie." Mwambie: "Hakuna shida. Tuma ile meseji yako kwenda 456, nami sitazuia." Kama alikosea kweli, amepata pesa yake bila wewe kutuma chochote. Kama ni tapeli, umemnyima kitu alichokuwa akitafuta. Angepata mara mbili: umtumie wewe kwa mkono, kisha arudishe ile ya kwanza kwa 456. Watu wengi hupoteza kwa namna hii hasa, na hupoteza kwa wema.

Usikubali pia kurudisha kwa nambari nyingine. "Nirudishie kwa laini ya kaka yangu" ni maneno ya mwizi hata yakisemwa na sheikh.

Kumbuka vilevile kwamba kabla ya kutuma, M-Pesa humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji athibitishe. Huduma hiyo iliitwa Hakikisha, neno zuri. Anayesema alikosea aliliona jina lako akabonyeza. Binadamu hubonyeza bila kusoma, nakubali, lakini anayesema alikosea saa moja baada ya kupokea viatu alivyovichagua mwenyewe kwa saizi na rangi, huyo hakukosea.

Halafu kuna simu za "huduma kwa wateja": kuna pesa imeingia kwako kimakosa, tunataka kuirudisha, bonyeza hivi, taja PIN. Safaricom, kampuni yenye M-Pesa ya Kenya, huwapigia wateja kutoka 0722 000 000 tu. Nambari nyingine yoyote, kata. PIN haihitajiki na mtu yeyote kurudisha pesa ya mtu yeyote.

Hatua ya 6: Wanunuzi wa hundi na wa benki

Nitapita hapa haraka kwa sababu anayeuza viatu hakutani nayo sana. Anayeuza sofa, friji au saruji anakutana nayo. Mnunuzi anakutumia picha ya risiti ya benki: ameweka kwenye akaunti yako. Unaangalia, kweli, pesa inaonekana. Kilichowekwa ni hundi, na salio unaloliona si pesa unayoweza kuitoa. Hundi ikirudi bila kulipwa, tarakimu zinafutika. Mara nyingi hundi hiyo huwa imezidi bei, na lori la kubeba mzigo tayari limefika mlangoni na unaombwa umlipe dereva tofauti kwa taslimu.

Pigia benki yako, kwa nambari ya benki yako, uulize hivi hasa: "Hundi hii imeshalipwa, na pesa naweza kuitoa sasa hivi?" Usiulize kama pesa "imeingia". Wataitikia ndiyo, na watakuwa hawajadanganya.

Hatua ya 7: Ukiuza nje ya nchi

Wanaosuka vikapu na kushona shanga huuza Ulaya na Marekani kwa kadi na PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni. Huko pesa ina mkia mrefu zaidi. Mnunuzi ana siku 180 za kufungua malalamiko PayPal, na akilipa kwa kadi anaweza kwenda kwa benki yake nayo ikaivuta pesa miezi mitatu minne baadaye. Tapeli hutumia kadi ya wizi. Mwenye kadi akigundua, pesa inarudi kwake, na kikapu chako kiko Ohio.

Fanya hivi. Tuma kwa anwani ile tu iliyoandikwa kwenye muamala. Mnunuzi akikuandikia pembeni, "Tuma kwa rafiki yangu badala yake," umevua kinga yako kwa mkono wako mwenyewe. Tuma kwa njia yenye nambari ya ufuatiliaji, EMS ya Posta au kampuni ya kusafirisha vifurushi, na uhifadhi risiti. Usikubali malipo ya "marafiki na familia" kwa bidhaa, hayana kinga ya muuzaji. Akilipa zaidi akuombe umtumie ziada kwa M-Pesa, futa oda yote na urudishe malipo yote kupitia PayPal ileile. Na malalamiko yakifunguliwa, jibu. Unapewa siku chache tu, na ukinyamaza umeshindwa hata kama una haki.

Hatua ya 8: Imeshatokea, sasa ufanye nini

Ukiona meseji ya kurudishwa, dakika ni mali. Kwanza piga boda. Kama hajakabidhi, ageuze. Usimpigie tapeli kwanza kumtukana, utakuwa umemwamsha.

Pili, piga huduma kwa wateja. Kwa Safaricom ni 100 au 234 kwa mambo ya M-Pesa. Sema wazi: "Napinga kurudishwa kwa muamala huu, yalikuwa malipo ya bidhaa na bidhaa imetolewa." Taja nambari ya muamala. Hapo ndipo ule ujumbe wa oda, picha ya kabidhi na risiti ya parseli vinapoleta faida. Bila hivyo una neno lako dhidi ya neno lake, na lake limetangulia.

Tatu, tuma nambari ya tapeli kwenda 333, ambako Safaricom hupokea taarifa za utapeli. Tanzania, meseji za kitapeli na namba zake hupelekwa 15040, namba iliyotengwa kwa kazi hiyo chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko. Ukiwa huko piga pia *106# uone kama kuna laini zimesajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua, maana laini za matapeli lazima zisajiliwe kwa jina la mtu.

Nne, nenda kituo cha polisi upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Wengi wanaona ni kupoteza siku kwa 9,600. Mimi pia niliona hivyo, sikwenda, na nikajuta. Baadaye mtu aliponipigia kudai pesa yake, sikuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba nami niliibiwa. OB ni ngao yako zaidi kuliko upanga wako. Kenya kuna sheria ya mwaka 2018 ya makosa ya kompyuta na mtandao, na Tanzania wana yao ya 2015, lakini sheria haiwezi kuanza kutembea kabla ya wewe kuandikisha.

Tano, wafahamishe wauzaji wenzako kwenye kundi lenu: nambari iliyotumika, eneo la kukabidhi, namna alivyozungumza. Usibandike picha na jina la aliyelipa. Anaweza kuwa mama wa friji.

Ujumbe wangu wa kila siku

Huu ndio ninaoutuma kwa kila mteja mpya. Uchukue, ubadilishe unavyotaka:

"Asante kwa oda yako. Umechagua ____, bei ____. Malipo ni kwa Pochi pekee. Tafadhali niandikie jina na nambari itakayolipa, na jina la atakayepokea. Anayelipa akiwa si wewe, naomba anitumie ujumbe mfupi kwa nambari hiyo aseme analipia nini. Mzigo hutoka baada ya mimi kuthibitisha salio. Pesa ikizidi au oda ikifutwa, marejesho yanapitia njia ileile iliyolipa."

Baadhi huusoma wakanyamaza moja kwa moja. Zamani nilikuwa nawafuata: "Vipi, bado unahitaji?" Siku hizi nafuta maongezi nasafisha raba nyingine.